Wenzangu kazini wanabeza kila kitu. Niishi nao vipi?

SWALI: Nina miezi mitano katika idara ya huduma kwa wateja. Tuko wanane. Wawili kati yetu, ambao wamekaa hapa miaka mingi, hawana jema: kila mpango kwao ni kupoteza muda, kila tangazo la uongozi ni uongo. Wiki mbili zilizopita nilipendekeza kikaoni tuwe na orodha moja ya malalamiko ambayo hayajamalizika, ili anayeingia zamu ajue pa kuanzia. Mmoja wao akasema, “Mdogo wangu, fomu za namna hiyo tulishazijaza kabla hujaja. Ziko wapi leo?” Watu wakacheka, kikao kikaendelea. Tangu siku hiyo sichangii kitu. Juzi nimejikuta nami nikiponda wazo la dada mmoja tunayefanya naye kazi. Niwajibu vipi watu hawa? Au nimweleze meneja?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na hilo la juzi, kwa sababu ndilo linaloharakisha mambo. Ulimponda mwenzako, na inaelekea wala hukukusudia. Kubeza huambukiza. Mwaka 2002 mtafiti Sigal Barsade alichapisha jaribio ambalo alipenyeza mwigizaji mmoja aliyefundishwa katika vikundi vidogo vilivyokuwa vikijadiliana namna ya kugawa bonasi. Hali ya moyo ya mtu huyo mmoja ilienea kwa kikundi kizima. Vikundi vilivyopata hali njema vilishirikiana zaidi na kuvutana kidogo. Wewe umekaa miezi mitano na watu wawili wa namna hiyo, kwa hiyo usishangae maneno yao yakikutoka mdomoni.

Kabla ya kuwashughulikia hao wawili, mfuate yule dada, mkiwa wawili tu, umwambie: “Juzi nililiponda wazo lako mbele za watu. Samahani. Nilikuwa na swali moja tu la kweli, nalo ni hili.” Kisha uliza swali hilo. Usijitetee kwa kusema idara nzima iko hivyo. Fanya hivyo wiki hii, maana likikaa sana litageuka kinyongo, na ukija kuomba watu waunge mkono wazo lako atakuwepo mmoja anayekumbuka.

Sasa tuwaangalie wenyewe. Mwaka 1998 James Dean, Pamela Brandes na Ravi Dharwadkar waliigawa hali hii ya kubeza mahali pa kazi katika sehemu tatu, na mgawanyo huo unasaidia sana kazini. Kuna imani kwamba taasisi haina uadilifu. Kuna hisia mbaya juu yake, kama hasira, dharau au aibu. Na kuna tabia: kejeli, kuguna, kutazamana pembeni bosi anapoongea. Kosa la wengi ni kuivamia imani. Unamwambia mtu “jaribu kuwa na mtazamo chanya,” naye anasikia “wewe ni muongo, hayo uliyoyaona hayakutokea.” Hapo unakuwa umempa sababu ya kushikilia zaidi. Imani ya namna hii haiondolewi kwa hoja. Hulegea pale mtu anapoona kitu kilichoahidiwa kimefanyika, tena zaidi ya mara moja. Uwezo wako wewe uko kwenye tabia, pamoja na ushahidi mdogo mdogo unaoweza kuuweka mezani.

Imani hiyo nayo ina chimbuko. Arnon Reichers, John Wanous na James Austin, walioandika mwaka 1997 kuhusu watu wanaobeza mabadiliko kazini, walionyesha kwamba mara nyingi inatokana na historia ya mabadiliko yaliyoanzishwa yakafa bila wafanyakazi kuelezwa kilichotokea. Mtu asipoelezwa, hujaza pengo mwenyewe: wakubwa ni wavivu, au hawajui kazi, au walikuwa wanatudanganya. Rudia sasa yale maneno uliyoambiwa: fomu tulishazijaza, ziko wapi leo? Hiyo ndiyo historia yenyewe kwa sentensi moja. Watu walitumia muda wao kujaza, karatasi zikaondoka, na hakuna aliyerudi kuwaambia lolote.

Kwa hiyo lile neno lililokuchoma ni kejeli kwa sauti, lakini kwa maana ni swali, na lina jibu. Fomu hizo zilipelekwa kwa mtu fulani, zikafika au hazikufika, akazisoma au hakuzisoma. Kulitafuta jibu hilo ndiyo kazi yako ya kwanza, na itakusaidia kuliko maneno yoyote makali ambayo ungemrudishia.

Nenda kwa huyo kaka aliyesema. Usimfuate akiwa na mwenzake, kwa sababu wawili wa namna hii wakiwa pamoja kila mmoja husema ili kumfurahisha mwenzake. Chagua siku ya kawaida, si siku ambayo meneja ametoa tangazo wala siku wateja wamewachosha. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Sema hivi: “Kaka, siku ile uliuliza fomu ziko wapi. Mimi sijui, na nisingependa nirudie kosa lililofanyika. Mlijaribu nini, na kiliishia wapi?” Halafu nyamaza usikilize. Chukua kalamu uandike mambo matatu tu: fomu ilikuwa na nini, ilipelekwa kwa nani, na ilikufa lini. Mwishoni uliza swali moja: “Ungekuwa unaianza wewe leo, ungebadilisha nini?”

Mazungumzo hayo yana mitego yake. Wa kwanza ni kwamba yanaweza kugeuka kikao cha kulalamika, maana mtu aliyebeba mambo miaka mingi akipata sikio hufungua gunia lote. Akianza kutaja watu, mrudishe kwenye kitu: “Na fomu yenyewe ilikuwa na kurasa ngapi?” Unaweza kuliona swali la kijinga, lakini linafanya kazi. Mtego wa pili ni wewe kuanza kuutetea uongozi. Hukuwepo, hujui, usitetee. Wa tatu ni kukubaliana naye ili akupende. Ukisema “kweli kabisa, hawa watu hawafai,” kesho maneno hayo yatakuwa yako, na utakuwa umejiunga kundini kwa kiingilio hicho.

Huenda akakufukuza kwa neno moja: “Achana na hayo.” Kubali, ondoka, jaribu tena baada ya wiki moja. Akikataa mara ya pili, muulize mtu mwingine aliyekuwepo wakati ule. Unachotafuta ni habari za fomu, na habari hizo hazimilikiwi na yeye peke yake.

Mara nyingi utakuta mpango ulikufa kwa sababu za kawaida kabisa. Fomu ilikuwa ndefu kuliko kazi yenyewe. Au hakukuwa na jina la mtu wa kuisoma, ilikuwa tu “inapelekwa ofisini.” Au aliyekuwa akiifuatilia alihama, na hakuna aliyekabidhiwa. Kila moja ya sababu hizi ina dawa yake, na dawa hizo ndizo zitakuwa umbo jipya la wazo lako.

Hapo ndipo nakushauri uanze na jaribio dogo kuliko unavyotaka. Siku kumi za kazi. Zamu mbili tu, yako na ya yule unayemkabidhi. Orodha iwe na safu tatu: namba ya lalamiko, hatua iliyobaki, jina la anayelishughulikia. Usiongeze ya nne, hata ukiombwa, mpaka siku kumi ziishe. Kujaza kusizidi dakika tano wakati wa makabidhiano. Zikizidi, kuna kitu cha kupunguza. Na kabla hujaanza, tumia wiki moja kuhesabu jambo moja: wateja wangapi walipiga simu tena kwa lalamiko lile lile. Bila hesabu hiyo ya awali hutakuwa na cha kulinganisha, na mbezaji atakuuliza, “Umejuaje kama imesaidia?” Atakuwa na haki ya kuuliza.

Andika pia nani anajaza siku ukiugua. Inaonekana ndogo hiyo, lakini mipango mingi ya wafanyakazi wapya huishia hapo hapo: mwenye wazo hayupo siku mbili, orodha inapitwa, na akirudi inakuwa haiaminiki tena.

Kwa nini udogo huo? Kwa sababu ahadi kubwa isiyotimia ndiyo iliyowatengeneza watu hao wawili. Ukisimama kikaoni ukasema orodha hii itabadilisha huduma yetu yote, umejiweka kwenye foleni ile ile ya waliosema hivyo kabla yako. Ukisema “tunajaribu siku kumi, zamu mbili, kisha nitawaambia idadi,” hakuna pa kukushika isipokuwa kwenye idadi. Na siku ya kumi na moja uwape idadi kweli, hata kama haikupungua. Hasa kama haikupungua. Mtu aliyezoea kufichwa matokeo hutega sikio anaposikia mtu akisema, “Zamu ya jioni haikusaidia, na sababu naona ni hii.”

Sasa kikaoni, pale linaporushwa neno. Huna haja ya kuwa mwepesi wa ulimi. Jibu la kwanza liwe swali moja fupi linaloomba jambo mahususi. Akisema, “Hapa hakuna kitakachobadilika,” muulize kwa sauti ya kawaida, “Sehemu gani unaona itakwama kwanza?” Kisha usiongeze. Wengi huharibu kwa kushindwa kuvumilia ukimya wa sekunde tatu nne. Wanaongeza swali la pili na la tatu, na mtu anapata nafasi ya kujibu lile jepesi. Akitaja sehemu, iandike mbele yake useme utaishughulikia vipi, au useme wazi kwamba hujui. Asipotaja, kikao kimesikia kwamba hana la kutaja, nawe hukulazimika kumwaibisha.

Angalia tofauti kati ya habari na utabiri. “Fomu za mwaka ule hazikurudi” ni habari, na habari hupokelewa. “Na hii haitarudi” ni utabiri. Vikitoka pamoja katika pumzi moja, pokea cha kwanza: “Ni kweli, nimeuliza, zilikuwa hazina mtu wa kuzisoma.” Kisha shughulika na cha pili: “Hii ina jina la msomaji, na Ijumaa ijayo analeta alichokikuta.” Ukikanusha vyote viwili utaonekana mgeni asiyejua kitu, na ukivikubali vyote viwili utakuwa umeungana nao.

Kuna jambo la sauti ambalo maandishi hayawezi kulifundisha vizuri, ila nilitaje. Swali lile lile, “Sehemu gani itakwama?”, likitoka na kidevu juu ni changamoto, na mtu mzima akitiwa changamoto na mdogo wake mbele za watu hujibu kwa kulinda heshima yake, si kwa kufikiri. Mtazame, kalamu ikiwa mkononi, kama mtu anayetaka kuandika jibu. Muite unavyomuita siku zote. Heshima hapo ndiyo inayomfungulia mlango wa kujibu bila kushindwa.

Wale waliocheka wasikutie hofu. Ondoa hao wawili, jiondoe na wewe, wamebaki watano. Hao ndio unaozungumza nao kila unapomjibu mbezaji. Wengi wa watu kama hao hucheka kwa sababu ni rahisi, na kwa sababu anayebeza huonekana mjanja. Olga Stavrova na Daniel Ehlebracht walichambua takwimu za watu takriban 200,000 kutoka nchi 30 wakakuta jambo la kutafakari: watu huwadhani wenye kubeza kuwa na akili zaidi, lakini katika vipimo vya uwezo wa kufikiri wenye kubeza hawakuongoza, bali kwa jumla walipata chini kidogo. Kumshuku kila mtu kunakukinga usidanganywe, na papo hapo kunakunyima nafasi ya kujua nani angekufaa. Sikwambii ukawatajie hao wawili utafiti huo; utakuwa umewatukana. Nakwambia ili usiichukue ile kicheko kama hukumu ya watu wenye akili juu ya wazo lako.

Hata hivyo jicho la mbezaji lina manufaa ukilipa kazi na muda maalumu. Mwanasaikolojia Gary Klein aliandika mwaka 2007 kuhusu zoezi linalofanywa kabla mpango haujaanza: kila mtu anaambiwa afikirie kwamba muda umepita na mpango umeshindwa vibaya, kisha aandike sababu. Mpe kila mtu karatasi na dakika tatu za kuandika kimya. Kimya hicho ni muhimu, kwa sababu bila hicho wataongea wale wale. Zisomwe moja moja kwa kuzunguka, bila kubishana. Kisha kila sababu ipangiwe la kufanya, au ikubaliwe waziwazi kwamba ni hatari mnayoichukua. Dakika 20 jumla. Katika zoezi hilo huyo kaka yako ataandika mambo ambayo wewe mwenye miezi mitano usingeyaona, na atayatoa kama mchango. Ila usimgeuze kuwa mpingaji rasmi wa idara, maana cheo hicho atakipenda na hatakiacha.

Kwenye kundi la ujumbe la idara usimjibu mbezaji, na usiweke hata alama ya kucheka. Kejeli ya maandishi haina sauti, kila mtu huisoma kwa hasira yake, na hubaki pale. Kama kuna la kujibu, mpigie simu au msubiri mkutane.

Kuna hali tatu ambazo ushauri wote huu haufai, nawe unapaswa kuzitambua mapema.

Ya kwanza ni uchovu wa kazi uliopitiliza. Shirika la Afya Duniani linautaja katika orodha yake ya magonjwa toleo la 11, si kama ugonjwa bali kama hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa, na unatambuliwa kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuibeza, na kuona ufanisi wako umeshuka. Kubeza kumo ndani yake. Kama mmoja wa hao wawili zamani alikuwa mchapakazi, siku hizi anachelewa, anasahau, haongei hata mambo ya nje ya kazi, usimfanyie mazoezi ya kikaoni. Muulize faraghani, “Kaka, nakuona umechoka sana. Kazi imekuelemea?” Na kama wewe mwenyewe unajiona katika hayo matatu, zungumza na daktari au mshauri, na omba mzigo wako wa kazi uangaliwe.

Ya pili ni pale maneno yanapoiacha mipango na kumlenga mtu: kuitwa majina, kunyimwa taarifa za kazi makusudi, kazi yako kuharibiwa. Huo si ubezaji, ni unyanyasaji, na huripotiwa.

Ya tatu ni pale anayebeza anaposema kweli kuhusu uovu. Akirudia kwamba hesabu fulani zinachezewa au wateja wanatozwa wasichodaiwa, usikimbilie kumuita mkatisha tamaa. Uliza anachokijua, kisha tumia njia ya taarifa iliyowekwa na taasisi yenu.

Umeuliza pia kuhusu meneja. Kwa uliyonieleza, usiende kushtaki. Mtu mmoja aliyesema neno moja kikaoni si kesi, na ukienda na malalamiko ya tabia ya mtu, meneja atasikia ugomvi wa wawili. Nenda kuomba: “Nataka kujaribu orodha hii siku kumi kwenye zamu mbili. Nahitaji ruhusa yako na jina la atakayeisoma kila Ijumaa.” Uombe pia afanye jambo moja ambalo wewe huwezi: awaambie watu kilichozipata zile fomu za zamani. Hata kama jibu ni “zilipotea, na hatukuwaambia, tulikosea.” Reichers na wenzake wanasisitiza hilo kwa viongozi, yaani kueleza kilichotokea na kukiri makosa yaliyopita, na sioni njia nyingine iwezayo kulifunga deni hilo.

Ikifika mahali lazima uripoti, peleka tarehe, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, nani alikuwepo, na kazi gani ilikwama kwa sababu hiyo. Matukio matatu yaliyoandikwa siku yalipotokea yana uzito kuliko “siku zote yuko hivi.” Maneno kama “ana roho mbaya” yaache nje ya karatasi.

Muda nao uukadirie kwa haki. Huyo kaka huenda asibadilike, na huna sababu ya kumngoja abadilike ndipo ufanye kazi. Dalili ya kuangalia ni hao watano: je, wiki hii kuna aliyetoa wazo ambalo mwezi uliopita angelinyamazia? Je, kuna aliyekuomba nakala ya orodha kwa ajili ya zamu yake? Ukipata mmoja, mpe, mwonyeshe zile safu tatu, na mkumbushe aandike jina la atakayejaza siku akiugua.